Shajara ya mfarishi wa gomesi za Mama: uzi unaokatika

Jumatatu, 7 Julai

Mfarishi umepanda kwenye fremu leo asubuhi. Uso wake ni vipande vya gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) tatu za marehemu Mama na vitenge alivyokuwa akijifunga nyumbani, inchi 90 kwa 100. Katikati kuna pamba ya poliesta, chini bitana ya pamba tupu, rangi ya maziwa. Mpwa wangu ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwao, tarehe 16 Agosti. Nimemwahidi dada yangu kwamba binti ataondoka na nguo za bibi yake, ijapokuwa gomesi zenyewe hazivaliki tena.

Mashine ni ile ya mkono mrefu niliyoinunua Februari, mtumba kutoka Uingereza, pamoja na fremu yake ya futi 10. Kwenye cherehani ya kawaida fundi hukaa akasukuma kitambaa. Hapa kitambaa kimetulia kwenye rola, nami nasimama nimeshika vishikio viwili, naisogeza mashine yenyewe. Inateleza juu ya reli: mbele, nyuma, kulia, kushoto, mshazari, popote mchoro unapokwenda. Mifarishi miwili ya watoto niliyoidarizi kwayo ilikwenda vizuri. Huu umegoma tangu mshono wa kwanza.

Nimeshona nusu saa kwa saa ya ukutani. Uzi wa juu umekatika mara 14.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza na mkazo wa uzi, pale ambapo kila mshonaji huanzia. Nimelegeza visahani vinavyobana uzi robo mzunguko, kisha nusu. Uzi umeendelea kukatika vilevile, na nilipoinama chini ya fremu na tochi ya simu nimekuta bitana imejaa vitanzi vya uzi wa juu, vimelala kama nyasi baada ya mvua. Sikupata nafuu juu, na chini nimeharibu. Jioni yote nimefumua.

Nimepima na bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Njia niliyofundishwa ni hii: weka nyumba ya bobini juu ya kiganja, bobini ikiwa ndani, kisha vuta uzi wake kwenda juu taratibu. Nyumba ikiinuka ikasimama wima kiganjani bila kuondoka, mkazo unafaa. Ikipaa na uzi, umekazwa mno. Ikibaki imelala huku uzi unafunguka tu, umelegea. Ya kwangu imesimama. Kwa hiyo chini pako sawa, na nimerudisha visahani vya juu pale vilipokuwa.

Jumatano, 9 Julai

Umeme haukuwepo mchana kutwa. Nimepiga pasi ya mkaa mikanda ya pindo.

Alhamisi, 10 Julai

Leo sikugusa skrubu yoyote. Nimechukua daftari la shule la mwanangu, nikachora safu tatu: nilikuwa naelekea wapi, nilikuwa juu ya nini, na ncha ya uzi inaonekanaje. Nikashona mpaka uzi ukatike mara 20, nikiandika kila mara kabla ya kutunga uzi upya. Kazi ya kuchosha kweli, lakini ndiyo siku ya kwanza niliyojifunza kitu.

Mara 16 kati ya 20 nilikuwa naivuta mashine kuja kwangu. Mara 3 nilikuwa juu ya maungio mazito, pale gomesi inapokutana na kitenge na mikunjo minne imelaliana. Mara 1 sikuona sababu.

Na ncha zenyewe. Nimeziweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Hakuna hata moja iliyokatika safi kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Zote zimechanuka, nyuzinyuzi ndefu na fupi, kama mti wa mswaki uliotafunwa. Juu ya ncha, kiasi cha shubiri moja, uzi umetoka manyoya wakati uzi wa kwenye koni ni laini. Uzi unaokatika kwa kukazwa mno hukatika ghafla, pamoja. Huu umekwaruzwa kidogokidogo mpaka ukaisha. Tukumbuke kwamba kipande kilekile cha uzi hupita kwenye tundu la sindano kwenda na kurudi mara nyingi kabla hakijabaki kwenye kitambaa, hivyo ukali mdogo tu popote njiani unakipata tena na tena.

Laiti ningeanza na daftari Jumatatu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda Kampala kutafuta sindano na uzi. Teksi ya alfajiri kutoka Jinja, msitu wa Mabira ukiwa bado na ukungu, na saa nne nilikuwa Kiyembe katikati ya maduka ya vitambaa.

Somo la sindano. Muuzaji wa kwanza alinipa pakiti iliyoandikwa 16/100, nami namba hiyo ndiyo ninayotumia. Namba 100 maana yake mwili wa sindano una unene wa milimita 1. 110 ni milimita 1.1, 90 ni milimita 0.9. Lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu shina, sehemu inayoingia kwenye mashine. Sindano za aina ya DBx1, zinazotumika kwenye cherehani nyingi za viwandani, zina shina jembamba kuliko za aina ya DPx5, na mashine yangu inataka DPx5. Ukiweka ya shina jembamba, skrubu itaibana, utadhani imekaa, kumbe imeegemea upande na kila ikishuka inakosea kidogo. Nimetoa sindano yangu ya zamani mkobani nikazilinganisha mezani kwake. Akakubali kubadilisha bila maneno. Tangu leo siendi dukani bila sindano ya mfano. Nimechukua pakiti mbili za 16/100 na moja ya 18/110.

Somo la uzi. Koni niliyokuwa nikitumia imeandikwa 120, uzi wa kawaida wa mafundi. Katika hesabu ile namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, ndiyo maana 75 ni mnene kuliko 120. Hesabu ya Tex inakwenda kinyume chake: ni gramu za uzi wa mita 1,000, hivyo Tex 40 ni mnene kuliko Tex 27. Watu wengi hununua kinyume cha wanachotaka kwa sababu hiyo, na si kosa lao. Nimenunua koni mbili za 75, ambayo ni kama Tex 40, rangi ya dhahabu iliyofifia, karibu sana na mshipi wa gomesi ya zambarau.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya sindano.

Shina la sindano hizi ni la mviringo, halina ubapa wa kukuonyesha upande kama zile za cherehani za nyumbani. Unaweza kuiweka imegeuka kidogo na usijue. Mfereji mrefu unatakiwa uelekee mbele, kwangu mimi niliyesimama, kwa sababu uzi unaingia tundu kutoka mbele na kulala ndani ya mfereji huo wakati sindano inapenya. Ile sehemu iliyochongwa juu ya tundu inaelekea nyuma, maana hapo ndipo ncha ya ndoano, chuma kinachoizunguka bobini kule chini, inapopita kuchukua kitanzi.

Nimepitisha pini nyembamba kwenye tundu la sindano iliyokuwemo, nikaitazama kutoka juu. Pini haikuelekea kwangu. Imeelekea pembeni, kama mkono wa saa unaoonyesha saa moja na dakika ishirini na tano badala ya nusu. Kitu kidogo kabisa, lakini ilikuwa inatosha kuutoa uzi mferejini na kuukwaruza kwa kila tundu.

Nimeweka sindano mpya, nimeisukuma juu mpaka ikagonga mwisho, pini ikanyooka kwangu, nikakaza. Uzi bado ni ule wa zamani, makusudi, ili nijue ni kipi kilicholeta mabadiliko.

Nusu saa: mara 8.

Jumanne, 15 Julai

Leo uzi mpya, sindano ileile. Kabla ya kuutupa wa zamani nimeuvuta kwa mikono miwili, urefu wa mkono mmoja, mara kumi, sehemu tofauti za koni. Mara nne umekatika bila upinzani. Koni ile imekaa miaka kwenye rafu ya dirishani, jua la jioni likiipiga moja kwa moja. Uzi wa namna hiyo haufai hata kwa kupiga bandi.

Tena nimeona kwamba koni ilikuwa imekaa nje ya mstari wa kitundu cha juu, kwa hiyo uzi ulikuwa unajikwaruza kwenye ukingo wa koni kila ukifunguka. Nimeisogeza hadi kitundu kikawa juu yake kabisa, katikati.

Nusu saa: mara 5, na zote tano navuta mashine kuja kwangu. Sijui bado kwa nini upande huo tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwita Mzee. Ni fundi wa mashine aliyefanya kazi na baba yangu NYTIL, kiwanda cha nguo kule ng'ambo ya mto, Njeru. Hapa Walukuba, Jinja, wazee wa rika lao walitoka kila upande kuja kufanya kazi viwandani, wakaelewana kwa Kiswahili, nasi tukazaliwa ndani ya lugha hiyo. Mzee haoni vizuri siku hizi, ila mikono yake inaona.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha mashine. Hakuigusa. Alipitisha mkono chini ya mfarishi, akaugonga kwa kidole kutoka chini. Ukalia.

"Hii umewamba ngoma," akasema. "Mfarishi hauwambwi hivi."

Akanifanya niingize mkono wangu chini, niinue kidole, kisha nijaribu kukishika kidole hicho kwa mkono wa juu kupitia tabaka zote tatu. Sikuweza. Kidole kiliteleza chini ya kitambaa kilichokazwa kama ngozi ya ngoma kweli. Amelegeza rola kidogo, meno mawili ya gurudumu la kukazia, nikajaribu tena, kidole kikashikika.

Ndipo akanieleza, polepole, akitumia msumari na kitambaa cha mkononi. Sindano ikiwa imezama na mashine inasogea, ncha inabaki nyuma, imeshikwa na kitambaa. Kitambaa chenye ulegevu hufuata sindano kidogo, kisha kinarudi. Kilichokazwa hakifuati, kwa hiyo ni lazima sindano ipinde. Nikivuta mashine kuja kwangu, ncha inapinda kwenda nyuma, na nyuma ndiko iliko ndoano. Ndoano inatakiwa ipite karibu sana na sindano, nafasi ya karatasi moja. Sindano ikipinda kuielekea, zinagusana, na uzi uko katikati yao. Nikisukuma mashine kwenda mbali nami, sindano inaikimbia ndoano, na hapo mshono unaruka badala ya uzi kukatika.

Nikarudi kwenye daftari. Ni kweli, pembeni mwa safu nimeandika "imeruka" mara sita, na mara zote sita nilikuwa nasukuma. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe na sikuyasoma.

Amekagua pia wakati wa ndoano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono: sindano ishuke hadi mwisho, ipande kama milimita 2, na hapo ncha ya ndoano iwe nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu. Iko sawa, hakuna cha kurekebisha. Nimefurahi, maana hiyo ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote.

Mzee amekataa pesa. Amekunywa chai na mandazi, akauliza habari za gomesi ya kijani. Anamkumbuka Mama akiivaa siku ya kumpokea baba kustaafu.

Nusu saa baada ya kuondoka kwake: mara 2.

Jumamosi, 19 Julai

Mara 2 kwa nusu saa si nyingi, lakini mfarishi huu una saa nyingi za kazi, na kila uzi ukikatika unaacha ncha za kufungwa na kufichwa. Mtu akilala chini ya mfarishi kwa miaka thelathini, ncha hizo ndizo zitakazofumuka kwanza. Nimeendelea kutafuta.

Nimekata kipande cha soksi ya nailoni, zile nyembamba za kina dada wa ofisini, nikakipitisha kila mahali uzi unapopita: vitundu vyote vya juu, mkono unaoinua uzi, springi ndogo, mguu. Kote kimeteleza. Nilipokifikisha kwenye bamba la sindano, kile chuma chenye tundu ambamo sindano hushukia, na kukipitisha ndani ya tundu, kimenasa. Nimerudia. Kimenasa palepale, ukingo wa nyuma.

Nimefungua bamba, nikaliweka chini ya taa, nikatumia kioo cha kukuzia cha mwanangu. Ukingo wa nyuma una alama tatu ndogo, moja imeinua ulimi wa chuma mdogo kuliko chembe ya sukari. Sindano iliyopinda imekuwa ikigonga hapo. Mwezi Mei moja ilivunjika kabisa. Nilisafisha vipande, nikaweka nyingine, nikaendelea. Sikulitazama bamba.

Ndoano nayo nimeipapasa kwa nailoni ileile. Iko laini, Alhamdulillahi.

Dawa: msasa wa maji namba 1000, nimeukata ukanda mwembamba kama utambi, nimeutia tone la mafuta ya cherehani na kuuvuta ndani ya tundu kwenda na kurudi, kwa upole, upande wa nyuma tu. Baada ya hapo msasa 2000, halafu kamba ya pamba iliyopakwa dawa ya kung'arishia shaba. Nia ni kuondoa ulimi ule, si kupanua tundu. Kila dakika mbili nimesimama nikajaribu nailoni. Mara ya saba imepita bila kunasa.

Nimeosha bamba kwa mafuta ya taa, nimelikausha, nimefagia manyoya yote kuzunguka ndoano kwa brashi ya rangi, tone moja la mafuta kwenye njia ya ndoano, kisha nimeshona kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yakaacha kutia doa. Hapo sikuharakisha. Doa la mafuta kwenye satini ya gomesi halitoki.

Jumatatu, 21 Julai

Saa nzima. Sifuri.

Nilisimama nikaitazama saa ya ukutani kuhakikisha kwamba haijasimama.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeshuka hadi safu ya tano, katikati ya mfarishi, pale nilipoweka mabega mawili yaliyochongoka ya gomesi ya zambarau. Sikuyakata, nimeyalaza bapa yakitazamana. Hapo kuna tabaka nyingi: satini, kitambaa kigumu cha ndani ya bega, mkunjo wa mshono wa zamani wa fundi ambaye simjui, pamba, bitana.

Uzi umekatika mara 2 kwenye bega la kwanza. Nimebadili sindano, nimeweka 18/110, kwa kuwa sindano nene hupinda kidogo kuliko nyembamba na tundu lake ni kubwa zaidi kwa uzi. Nimepunguza mwendo wa mota na wa mikono yangu kwa pamoja. Zamani nilikuwa napunguza mota peke yake huku mikono ikienda vilevile, nikapata mishono mirefu na sindano iliyopinda. Bega la pili limepita bila kukatika hata mara moja.

Kila nikisogeza kazi kwenda safu mpya, napima tena kwa kidole, kwa sababu rola zikizunguka mkazo unajirudisha wenyewe. Rola inayopokea sehemu iliyokwisha shonwa nayo inanenepa kadiri mfarishi unavyojikunja juu yake, na nimeishusha... hapana, nimeipandisha kidogo, ili tabaka zisilale kwa nguvu juu ya bamba. Zinatakiwa ziguse bamba tu.

Jambo moja zaidi: vitenge viwili kati ya vilivyomo havikuwahi kufuliwa, vilikuwa zawadi Mama hakuvifungua. Bado vina ile nta na wanga wa dukani. Nikipita juu yake kwa nusu saa sindano inapata utando unaonata, nauhisi kwa kucha. Naipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Vitenge vya mfarishi ujao vitafuliwa kabla ya mkasi.

Jumamosi, 26 Julai

Mfarishi umeshuka. Nimeufungua rola kwa rola, dada yangu akashika upande mmoja na mimi mwingine, tukautandika sakafuni sebuleni. Tangu bamba lilipong'arishwa uzi umekatika mara 4 kwa saa 11 za kushona, mbili zikiwa zile za begani. Mbili nyingine zilikuwa bobini imebaki na mizunguko ya mwisho na uzi ukajikunja.

Tumekagua bitana kwa mikono kuliko macho. Sehemu ya juu, ile ya siku mbili za kwanza, ina fundo nyingi ambazo nilizifumua na kuzifunga upya kwa sindano ya mkono, nazo zinahisika. Dada amesema ziachwe. Nimezihesabu ni 31, na nimezipitia zote kwa mshono wa pili ili zisifunguke.

Binti mwenyewe bado hajauona. Dada ameweka kiganja juu ya lile bega la zambarau, akakaa hapo muda mrefu bila kusema.

Kesho naanza kufunga pindo kwa kitenge cha njano. Mikanda ya inchi 2 na nusu iko tayari, imepigwa pasi, jumla mita 10.